Mtu Aliyewapa Kupe Onyo

Kabla ng'ombe wa kwanza hajatumbukia, Bwana Josho alikuwa anawapa kupe nafasi ya kuondoka. Anasimama ukingoni, kofia mkononi, anawaambia kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Kupe, leo ni siku ya kuogesha. Aliye na pa kwenda aende sasa. Sina ugomvi na ninyi." Halafu anasubiri. Ng'ombe wanasubiri, wafugaji wanasubiri, mimi na birika langu la chai tunasubiri, na jua la Handeni halina subira na mtu. Sijawahi kuona kupe hata mmoja aliyejiteremsha. "Haya, tumeshawaambia," anasema, ndipo anafungua lango.

Mimi nauza chai na maandazi penye josho letu tangu kabla yule bwana hajaja. Jina lake analo, lakini Wazigua na Wamasai wote tulimwita Bwana Josho, maana kuchanganya dawa na kuogesha mifugo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ukoo wake nauacha. Hata yeye alipoulizwa alikuwa anajibu kwamba ukoo wa mtu ni mrefu, ukirudi nyuma sana utawakuta wengine walikuwa punda. Ninachotaka kueleza ni alikuwa mtu wa namna gani, na kwa nini siku mama yangu alipolala mgonjwa Old Korogwe akasema anamtaka Bwana Josho na si mwingine, nilitetemeka kuliko siku ya kuolewa. Kulikuwa na jambo tumemficha mama, na Bwana Josho alikuwa ameapa kutosema uongo maisha yake yote.

Kiapo hicho alikitoa Mazinde, mbele ya mwajiri wake. Huko alikuwa mpishi wa fundi mkuu wa mashine za mkonge, mtu wa Sri Lanka, mpole, mla pilipili. Sebuleni kwa yule fundi kulikuwa na sanamu ndogo ya mtu aliyekaa amekunja miguu, macho ameyafumba nusu, na kila asubuhi anawekewa maua. Bwana Josho, kwa malezi yetu, akadhani ni babu wa nyumba. Mwaka mzima akawa anaingia na trei anaiambia shikamoo, na siku za baridi anaiachia kikombe cha chai. Fundi alipokikuta kikombe hakucheka. Alimkalisha akamweleza kwamba yule si babu, wala si Mungu, wala hanywi. Ni Buddha, mtu tu kama sisi, aliyeamka.

"Aliamka saa ngapi?" aliuliza laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamasai wetu, siku tuliposimuliwa habari hii mara ya kwanza. Yeye huamka alfajiri kila siku ya Mungu na hajachongewa sanamu.

"Si kuamka usingizini, mzee. Kuamka akilini." Bwana Josho akatueleza kwamba Buddha alikuwa mtoto wa mfalme, huko upande wa India, zamani sana. Baba yake alimfungia ndani ya jumba asione baya lolote. Alipotoka, akiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, akamwona mzee, akamwona mgonjwa, akaiona maiti, kisha akamwona mtawa asiye na kitu lakini ametulia. Akaacha jumba na mali, akaenda kutafuta dawa ya mateso ya binadamu.

"Ngoja," laigwanani akasema. "Mtu ana mke na mtoto, na hajawahi kuona mzee?"

"Hajawahi."

"Shikamoo alikuwa anampa nani?"

Laigwanani akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Mateso yalianzia hapo," akasema. "Kijana hakulelewa."

Usidhani watu walikaa kimya. Ustadh wa msikiti wetu alikuja mwenyewe joshoni akamuuliza kwa upole kama amebadili dini. Bwana Josho akasema dini hajabadili, ameongeza adabu tu, na adabu zenyewe ni tano: usiue kiumbe chenye uhai, usichukue usichopewa, usizini, usiseme uongo, usinywe kinacholewesha. Ustadh akazipima moja moja. "Mbona nyingi kati ya hizi tunazo?" akasema.

"Tunazo, Ustadh."

Mwenyekiti wa kamati ya josho akadakia kutoka nyuma: "Sasa mbona wewe unazifuata?" Ustadh alicheka mpaka kofia ikamtoka, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena.

Kuzifuata alizifuata, lakini kwa namna yake, jamani, mtu ungeweza kulia. Siku ya mnada alikuwa anapenda nyama choma kufa. Anamwendea mchomaji, anamtazama machoni, anauliza: "Mbuzi huyu umemchinja kwa ajili yangu?" Mchomaji anajibu hapana, hata hakujua kama unakuja. "Basi nikatie paja." Alisema watawa wa kule alikotoka fundi nao huruhusiwa kula nyama, mradi mnyama hakuchinjwa kwa ajili yao. Wachomaji wote wakajua jibu linalotakiwa. Wengine walianza kumjibu kabla hajauliza.

Pombe aliacha, ugoro hakuacha; alidai haukutajwa. Umbea pia. Niliposoma kwenye simu yangu kwamba umbea umetajwa, tena umekatazwa, alinuna siku nzima akaninyima salamu. Na alipokaa juu ya ukuta wa josho amefumba macho, anafuata pumzi ikiingia na kutoka, wageni walikuwa wanamshtaki kwa mwenyekiti kwamba mtumishi analala kazini. Mbuzi walikuwa wanampanda mabegani. Siku moja akatoka kwenye kikao chake hicho, uso unang'aa, akaniambia amegundua kwamba hakuna kitu kinachoitwa "mimi". Ni mkusanyiko tu wa mambo yanayopita.

"Hakuna wewe?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Sasa nani amemaliza chai yangu?" Akatazama kikombe, akafikiri sana, akasema swali hilo ni zito.

Uongo ndio alioukataa kabisa, bila mlango wa uani. Harusini aliulizwa bibi harusi anaonekanaje, akasema amechoka. Mnadani mnunuzi akimuuliza habari za dume la jirani yake, anasema linakohoa alfajiri. Wenye mifugo wakawa wakimwona anakuja wanamzuia mbali kwa soda. Nilimwambia, mbona unatuharibia? Akanijibu, "Njia ya mwongo ni fupi, Mama Zai," kisha akaenda kumharibia mwingine.

Lakini somo lake kubwa sikuwahi kulicheka. Alilifundishia palepale joshoni, kwa fimbo, akimwonyesha ng'ombe. Jambo la kwanza, anasema, ng'ombe anaumwa. Usijidanganye kwamba haumwi. Kuzaliwa kuna maumivu, kuzeeka kuna maumivu, kuachana na unachokipenda ndiyo usiseme. La pili, ugonjwa una sababu, na sababu ni kupe. Kupe wa binadamu ni tamaa, amejishika mahali laini, chini ya mkia, pale unapoona haya kumwonyesha mtu. La tatu, kupe akitoka, ng'ombe anapona. Inawezekana, si ndoto. La nne, dawa ipo, ni njia ya mambo manane, na unaipita mwenyewe kama ng'ombe anavyopita korido hii, hakuna anayeogeshwa kwa niaba ya mwenzake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama yangu akasema. Alikuwa ameleta ng'ombe wake, Chausiku, mtamba ambaye hajazaa. Huyo ndiye alikuwa mwenzake tangu baba afariki. Anaamka naye, anamsimulia ndoto zake, akila muhindi lazima ampelekee bunzi. "Lakini Bwana Josho, kama kupe ndiye tamaa, mbona unambembeleza?"

"Mama, viumbe tunakufa na kuzaliwa tena, kila mmoja kwa matendo yake. Huyu kupe huwezi kujua alikuwa nani. Huenda ni bibi yako."

Mama akainama akamtazama kupe kwa karibu. "Bibi yangu hapana," akasema. "Mama mkwe wangu, labda." Laigwanani naye akataka kujua kama mtu akitenda mema anaweza kuzaliwa ng'ombe. Bwana Josho akamwonya kwamba kuzaliwa mnyama ni kushuka daraja. Laigwanani hakukubali kabisa, akasema waliosema hivyo hawakuwa wafugaji.

Mambo manane yenyewe alikuwa anayakumbuka saba. Mtazamo sahihi, nia sahihi, kauli sahihi, tendo sahihi, kisha anaruka mpaka juhudi sahihi, kuwa macho na nafsi yako, na kutuliza akili. Fundi alirudi kwao, la tano likapotea. Nikalitafuta kwenye simu. Ilikuwa riziki sahihi: mtu asiishi kwa kuuza silaha, wala watu, wala nyama, wala pombe, wala sumu. Nikamsomea kwa sauti. Akageuka akalitazama pipa la dawa ya kupe, lenye picha ya fuvu la kichwa ubavuni.

"Bando lako limebaki kiasi gani?" akaniuliza. "Hebu angalia kama hakuna msamaha mbele."

Hakukuwa na msamaha. Akawa mnyonge, anazunguka josho lake anaongea peke yake.

Watu wakamuuliza kama hao watu wa Buddha wako kundi moja tu. Akasema matawi makubwa ni matatu, na njia rahisi ya kuyaelewa ni kwa usafiri. Tawi la kwanza ni Theravada, fundisho la wazee, ndilo la fundi wake. Hilo ni pikipiki. Unashika usukani wako, unashika sheria zako, unafika kwa jasho lako. La pili wanaliita Mahayana, yaani gari kubwa. Hilo ni lori. Dereva wa lori amekaribia kufika, angeweza kushuka akapumzike, lakini anasema haingii yeye mpaka waingie wote. Anarudi kuokota watu, hata wenye matope, na akilazimika kupita njia ya vumbi ili amwokoe mtu, anapita. La tatu, Vajrayana, la watu wa milimani, ni njia ya mkato. Unafika haraka, lakini bila mwalimu wa kukushika mkono unaishia korongoni.

"Lori linachukua ng'ombe?" laigwanani akauliza.

"Linachukua kila chenye uhai."

"Basi sisi tuandike kwenye lori."

"Na wewe?" mama akamuuliza Bwana Josho.

"Mimi wa pikipiki, mama. Lori lina mambo mengi. Ukianza kumhurumia kila abiria, sheria zinaanza kulegea." Alisema hivyo akiwa ameinua kidevu, na mimi nikamwona anajisikia.

Sasa nakuja kwenye kosa lake. Watu wengine hukosea kwa uvivu au kwa wizi. Huyu bwana alikosea kwa huruma. Tangu nimsomee habari ya sumu alikuwa hali vizuri, na masika yale akabuni kitu alichokiita dawa ya kuonya. Alipunguza kipimo. Alitaka kupe walewe kidogo, wadondoke, wakajifunze maisha mengine huko majanini. Hakumwambia mtu. Kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, akahesabu kwamba hajasema uongo.

Kupe walidondoka, wakapumzika, wakarudi na nguvu mpya. Chausiku akaanza kuvimba tezi chini ya sikio, akakataa majani, akakataa hata bunzi, akawa anapumua kwa shida na povu puani. Bwana mifugo wa kata alipofika akasema ni ndigana, homa inayoletwa na kupe, na tumechelewa. Mama wakati huo alikuwa ameshapelekwa Old Korogwe kwa dada yangu, awe karibu na hospitali, presha imempanda vibaya. Chausiku alikufa akiwa ameelekeza kichwa mlangoni kwa mama. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kama nimefiwa na ndugu.

Hakuna ambaye angejua. Ndigana inaua kila masika. Lakini Bwana Josho aliitisha kamati mwenyewe, akasimama kofia mkononi kama anavyosimama mbele ya kupe, akasema: "Nilipunguza dawa. Ng'ombe wa mama nimemuua mimi."

Nilimrukia. Kweli, nilimrukia na mwiko wa kukaangia maandazi, wakanishika. Nikamwambia aende akaombe radhi kwa kupe wake, maana ndio ndugu zake. Hakujitetea. Laigwanani akasema: "Kufukuza huyu ni rahisi. Lakini hakuna mwingine hapa atakayetuambia akikosea." Wakaamua abaki, ila dawa aichanganye mbele ya macho yetu, kipimo kamili. Siku ya kuogesha alimimina huku machozi yanamtoka, akasema, "Kupe, safari hii si onyo. Dhambi hii ni yangu, naibeba mimi." Ndipo akafungua lango. Mimi sikumpa chai.

Tukakubaliana nyumbani kwamba mama asiambiwe. Daktari alikuwa amesema asishtuliwe kwa lolote. Akiuliza Chausiku hajambo, dada anasema hajambo, shemeji anasema amenenepa, mimi nasema anakusalimu. Mama anatutazama mmoja mmoja. Hali yake ikawa hairudi juu wala haishuki, anakula vijiko viwili vya uji anageukia ukuta. Mchana mmoja akasema: "Ninyi nyote ni waongo, nimewazaa nawajua. Niitieni Bwana Josho. Yule akisema ng'ombe wangu mzima, nitakula."

Makubwa! Dada akatoka nje akashika kichwa. Nikampigia yule bwana, mara ya kwanza kusema naye tangu kikao cha kamati. Nikamwambia mama anakuita, atakuuliza habari za Chausiku, na daktari kasema asishtuliwe. Nikangoja aseme neno. Alisema tu, "Nakuja." Nikamsihi: "Bwana Josho, nakuomba kwa jina la Mungu." Simu ilikuwa imeshakatika.

Alifika na bodaboda, vumbi mpaka kope. Nikamzuia mlangoni. "Utasema nini?" Akasema hajui, njia nzima amefuata pumzi yake na imemkimbia. Mama akaita kutoka ndani, tukaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa nikuone uso. Chausiku wangu yukoje?"

Nikashika ukingo wa mlango. Jasho likamtoka Bwana Josho kwenye paji likashuka mpaka kidevuni. Akasema, "Mzima, mama."

"Mzima?"

"Mzima sana. Anakula." Mama hakuondoa macho, naye kwa hofu akaongeza: "Amezaa."

Mtamba wa watu alikuwa hajawahi hata kuona dume! Dada alinifinya mpaka nikatokwa na kilio kidogo. "Amezaa nini?" mama akauliza.

"Mapacha," akasema Bwana Josho, macho yamemtoka. "Majike. Mmoja ana baka jeupe, hapa. Mwingine... mwingine naye analo. Maziwa tumekosa ndoo za kukamulia. Laigwanani amekuja kumtazama akavua kofia." Laigwanani hajawahi kuvaa kofia maishani mwake. Mtu huyu hakuwahi kusema uongo hata mdogo, hakujua unaanzia wapi wala unaishia wapi, ulikuwa unamtoka tu kama maji ya bomba lililopasuka. Alipofika mahali ambapo Chausiku anapita josho anaogelea kwa furaha, mama akaanza kutikisika. Nikajua presha hiyo, nimekwisha. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka khanga ikamteleza, akapangusa macho, akasema, "Haya, nileteeni uji."

Nilimkuta Bwana Josho nje, amechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, kopo la ugoro limemshinda kufungua. Nikamfungulia. Nikataka kumshukuru, akanikataza kwa mkono.

"Miaka yote hii, Mama Zai," akasema. "Nimeshuka kwenye pikipiki."

Akaondoka kwenda kutafuta usafiri wa kurudi. Nikaingia ndani, mama amemaliza bakuli, analamba kijiko. Akanionyesha nikae kitandani. Akaniuliza polepole, "Chausiku amekufa lini?"

Nikapokea bakuli.

"Mtu yule nimemwona alivyokuwa anatoka jasho," mama akasema. "Kitu chake kimoja tu alichokuwa nacho, amekuja kunipa." Akalia kidogo, kwa ajili ya ng'ombe wake, nami nikalia naye. Kisha akanisukuma begani. "Mkimbilie kabla hajapata gari. Mwambie nimeamini."

Nikatoka mbio, khanga mkononi, nikamkuta barabarani amesimama peke yake, kofia kifuani. Nikamwambia mama ameamini kila neno, na anauliza mapacha wapewe majina gani.

"Kweli?" akaniuliza. Alikuwa ananitazama machoni, yule mtu aliyeujua ukweli kuliko sisi sote.

"Kweli," nikamwambia.